Kidude cha Nyuma ya Televisheni

Mama,

Natoka, na najua uko kwa jirani unanisema. Chai sijaigusa.

Kile kidude cha nyuma ya televisheni, tafadhali usikichomoe tena. Wala usikifunike kitambaa, kitapata joto kizime. Pasi ichomeke jikoni.

Ile ni kompyuta, Mama, hata kama haina kioo. Tovuti yangu inakaa humo. Leo kwenye usaili wataifungua wakiwa ofisini kwao, na kidude kikizimwa hapo nyumbani hawataona kitu. Ndiyo maana nilipokikuta kimechomolewa nilikupandishia sauti. ~~Ungeniuliza kwanza.~~ Basi, yaishe.

Umeme ukikatika usihangaike, ukirudi kitajiwasha chenyewe. Taa ya kijani ikiwa inakukonyeza, ujue kinafanya kazi. Nitapiga simu kuuliza kama inakonyeza. Usinicheke.

Nilishafika mlangoni, nimerudi kuandika hili. Nilikufokea kuhusu pasi bila kutazama ulikuwa unanyoosha nini. Nimelikuta shati langu kwenye kiti, bado lina joto. Nimebadilisha. Naenda nalo.

Kitinda mimba wako