Uso wa Mama Rashel Unavuka Ziwa

Bunia, Jumatano jioni, mvua imetoka kunyesha

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Baba, kutoka huku ambako vumbi lote la jana limegeuka tope. Goti lako limetulia? Na baridi ya huko Butembo, bado inakuvalisha sweta mbili ukienda ibada ya asubuhi? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, wala sijakonda, hata kama dereva anayekuletea barua hii atasema vingine. Yule ana maneno mengi kuliko mizigo yake. Na wewe Masika, mdogo wangu, unayemsomea Mama, soma polepole, usiruke mistari.

Najua swali lako la kwanza ni usalama. Mama, amani ipo, lakini ni ile ya kulala viatu vikiwa karibu na kitanda. Watu wanabishana bei sokoni, arusi zinapiga honi kila Jumamosi, halafu gurudumu la lori linapasuka mahali na soko zima linanyamaza. Ndiyo sababu sikuja Noeli. Baba alisema nisubiri barabara itulie, na mimi najua asiyesikia la mkuu hupatwa na nini.

Bado niko kazini kwa Patron Anselme, kwenye kibanda chake cha kuandikia watu. Umeniuliza kazi yenyewe ni nini hasa, maana jirani yetu anasema nauza hewa. Mwambie tunachapa barua za kuomba kazi, matangazo ya matanga na kazi za wanafunzi wa chuo. Tunapiga fotokopi. Na jenereta ikiwa na mafuta, intaneti nayo ikiwa imeamka vizuri, tunawatumia watu barua pepe, ambayo ni barua kama hii isipokuwa haimsubiri dereva. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nikadhani haina tena cha kunishangaza. Leo imenishangaza.

Kuna mwanamke hapa mtaani anaitwa Mama Rashel. Ni mkulima wa upande wa Djugu, shamba lao lilikuwa mbele ya Iga Barrière, vita vikawafukuza. Sasa analima vibarua na kuuza sombe, yale majani ya muhogo, mlango kwa mlango, ndivyo tulivyojuana. Katika vita hivyo alimpoteza binti yake Rashel, wakati huo bado mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Miaka imepita. Ndugu zake walimshauri afanye matanga, alie, amalize. Alikataa kabisa. Aliniambia siku moja, sombe mkononi: "Siwezi lilia mutu mwenye sikuzika."

Basi habari ikaja kwa njia ya kanisa. Pasta mmoja wa kambi ya wakimbizi huko Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, anasema kambini mwake kuna msichana anayeitwa Rashel, mtu wa Djugu, hajui ndugu yake hata mmoja. Lakini msichana mwenyewe ni mgumu. Zamani alijitokeza mwanamke akadai ndiye mama yake, kumbe alitaka mtumishi wa bure wa nyumbani. Tangu hapo Rashel haamini maneno ya mtu. Alimwambia pasta: nionyesheni kwanza uso wa huyo mama. Pasta akatuomba picha, na akataka ziwe ndani ya barua pepe yenyewe, kwa kuwa kompyuta ya kambini inakataa kufungua faili zilizoambatanishwa. Tena zifike leo. Kesho Alhamisi asubuhi, watoto wasio na wazazi wanaojulikana wanapakiwa kwenye lori kwenda kambi nyingine, mbali sana, ambako pasta hana mtu wa kumuuliza.

Umeelewa, Mama? Uso ufike leo, au mtoto apotee mara ya pili.

Jana mpiga picha alitaka kumpendezesha Mama Rashel, akamletea kitenge kipya na herini. Mama Rashel akavirudisha vyote. Akafunga kitambaa chake cha shambani, akasema, "Acha tu. Nilisha kuzeeka, mutoto atanijua na nini kama unanigeuza tena?" Picha ikatoka hivyo, bila pambo lolote. Nami nikaona mpiga picha mwenyewe anakohoa kohoa, macho pembeni.

Sasa sikiliza namna tunavyofanya kazi, maana balaa ilitokea hapo. Barua ya mteja tunaiandika kwanza vizuri kwenye programu ya kuandikia, picha zikiwa mahali pake, halafu tunainakili yote na kuibandika kwenye barua pepe. Na kila kitu chetu kinakaa kwenye clé ya Patron, kile kidude kidogo cha kuhifadhia faili, anachokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Usimcheke. Wakati wa vita Patron aliacha duka lote likaporwa, akaokoka na alichovaa tu mwilini. Tangu siku hiyo haamini kabati wala kufuli. Akimaliza kunakili kitu, anachomoa clé na kuirudisha shingoni, hata kama anakwenda msalani tu.

Asubuhi nikatuma. Pasta akajibu haraka: anaona maneno mazuri, lakini mahali pa picha anaona visanduku vitupu. Na kweli, hata mimi wakati wa kuandika niliona visanduku hivyo, nikadhani ni uvivu wa mtandao, kwamba picha zitafika zenyewe baadaye kama wageni wa arusi. Nikatuma tena. Visanduku. Nikazipunguza picha ukubwa. Visanduku. Patron akalaumu mtandao, akasema, "Rezo iko mubaya, ao ni virusi," akafanya uchunguzi wa virusi uliomaliza mafuta yote ya jenereta kasoro kidogo, akatoka kwenda kutafuta mengine. Pasta akaandika tena: "Dada, hapa wameanza kuandika majina ya watakaopanda lori."

Mama Rashel alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu muda wote huo, kapu la sombe miguuni, hata hakwenda kuuza. Hajui kusoma. Nilipokuwa nabandika barua tena, akanigusa bega.

"Kavira, mwana wangu, ile kitu ya manjano yenye iko natokea pale chini. Kila mara unaifukuza. Iko nasema nini?"

"Ah, Mama, ile ni bure tu. Inasema imezuia."

"Inazuia?" Akainuka palepale, akachukua kapu lake. "Basi tuende. Kama banazuia, banazuia. Tutarudia kesho."

Nikamtazama, Mama, nikajiona mimi mwenyewe. Sisi wote wa huku barrière zimetulea. Kamba inavutwa barabarani, mwenye bunduki anasema mmezuiwa, na wewe huulizi kwa nini, unageuka na kushukuru Mungu kwamba umegeuka ukiwa hai. Ule utepe wa manjano ulikuwa ukitokea chini ya barua tangu asubuhi, na mimi nikiona tu neno "bloqué" nilikuwa naufunga mbio, usije ukaniletea matatizo. Sikuwahi kusoma neno la pili. Masomo yangu yote, ada yote aliyolipa Baba, na sikusoma neno la pili!

"Kaa, Mama Rashel," nikamwambia. "Ngoja nisome mpaka mwisho."

Nikasoma kwa sauti, nikimgeuzia Kifaransa kwa Kiswahili. Programu imezuia faili isiingie katika barua hii. Ukiifungulia, itakwenda pamoja na barua yako. Na kando yake kuna mahali pa kubonyeza, kufungulia. Basi. Hakuna kulipa, hakuna kuonyesha kitambulisho. Ilikuwa inatulinda tu, haitaki kitu cha ndani ya nyumba yetu kitoke kwenda kwa watu bila sisi wenyewe kukubali. Mama, nimepita barrière nyingi katika maisha yangu, sikuwahi kukutana na moja inayomuuliza msafiri: wewe mwenyewe unataka kupita?

"Iko natuuliza siye?" Mama Rashel akasema taratibu. "Siye wenyewe?"

"Siye wenyewe."

"Basi iambie ndiyo."

Nikabonyeza. Kisanduku kikabaki kitupu. Nilitaka kulia. Lakini sasa nilikuwa nimepata adabu ya kusoma, nikasoma jina la faili iliyozuiwa, na hapo nikaelewa. Picha haikuwamo ndani ya barua hata kidogo. Kilichokuwamo ni njia ya kuifikia, na njia hiyo ilikuwa inaelekea kwenye clé, na clé ilikuwa shingoni mwa Patron, na Patron alikuwa anazunguka mjini na dumu la mafuta. Ni kama mtu akuandikie "mboga iko kwa jirani" akidhani amekutumia mboga.

Nilikimbia, Mama, na viatu vyangu vya kazini, katika tope. Nilimkuta kwa wauza mafuta wa barabarani, anabishana. Nikamwambia, "Patron, leta shingo yako!" Watu wote wakacheka. Alipoelewa aliacha kubisha, akalipa bei ileile aliyokuwa anaikataa, tukapanda pikipiki moja wote watatu, mimi, yeye na dumu.

Hata hivyo hakukubali kuivua clé. Aliichomeka kwenye kompyuta ikiwa bado shingoni, akabaki ameinama mezani kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Nikabandika barua upya. Utepe wa manjano ukatokea. Nikabonyeza, kufungulia.

Na uso ukaja.

Sijui nikuelezeje. Nimeona picha elfu kwenye kioo kile. Lakini palipokuwa na kisanduku kitupu tangu asubuhi sasa palikuwa na mtu, na kitambaa chake cha shambani, anatazama mbele kama anayesubiri kuitwa. Mama Rashel alisimama, akajitazama, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Patron, na shingo yake ndefu mezani, akasema polepole, "Yezu wangu." Nilifikiri juu ya ziwa lile, watu waliolivuka usiku kwa mitumbwi, waliofika na wasiofika, na sasa uso huu ungevuka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikatuma. Pasta akajibu neno dogo tu: "Ameonekana." Halafu mtandao ukakatika, ukakatika kabisa, na hatujui zaidi. Hatujui kama msichana ameuona uso huo, wala kama ameukubali.

Mama Rashel amekwenda kanisani. Mimi nimekaa kukuandikia kwa sababu siwezi kukaa hivi hivi. Nisalimie Baba, mwambie neno lake la kusubiri barabara nimelitii. Msalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, na yule mtoto wao ambaye sijambeba bado. Msalimie shangazi wa sokoni, aache kunitafutia mchumba mwenye duka. Msalimie bibi, umbusu mikono kwa niaba yangu. Na wewe Mama, nakuomba kitu kimoja: nenda kwa mpiga picha. Usivae kipya. Vaa sweta zako mbili, nikuone ulivyo.

Alhamisi asubuhi

Nilikuwa nimefunga bahasha, nimeifungua tena. Masika, soma hapa polepole zaidi.

Tumefika kibandani, mtandao umerudi, na barua ya pasta ilikuwa inatusubiri. Mama Rashel alikataa kukaa kwenye benchi. Patron alizima redio. Nikasoma.

Pasta anaandika kwamba jana alimwita msichana mbele ya kompyuta bila kumwambia anaona nini. Msichana alitazama. Alitazama kwa muda mrefu hata pasta akadhani hamjui, akataka kufunga. Ndipo msichana akauliza swali, na pasta anasema hakulielewa, lakini analiandika lilivyo, labda sisi tutaelewa. Alisema: "Bado iko nangoja ile bidon?"

Mimi sikuelewa. Patron hakuelewa. Mama Rashel alikaa chini, sakafuni, palepale kwenye tope la viatu vyetu.

Akiwa hapo sakafuni alitueleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, si pasta, si kanisa, si ndugu zake. Asubuhi ile ya vita yeye ndiye aliyemtuma mtoto mtoni kuteka maji. Alimpa bidon, dumu la manjano la kutekea, akamwambia, usirudi bila maji. Kisha risasi zikaanza upande wa mto.

Mama, msichana yule amekua ng'ambo ya ziwa, miaka yote hii, akifikiri kwamba ana deni la maji kwa mama yake.

Chini ya barua pasta ameongeza kwamba lori limekwenda na Rashel hakupanda. Anauliza tu, amjibu nini kuhusu bidon.

Nikageukia kompyuta, nikaweka vidole tayari. Mama Rashel alipangusa uso kwa kitambaa, akanyoosha mgongo kama mtu anayeitika jina lake mbele ya watu, akaniambia niandike, na nimeandika hivyohivyo bila kusahihisha:

"Muambie maji tulisha kunywa. Arudi tu, hata mikono mitupu."

Mimi binti yako anayekukumbuka,
Kavira