Picha ya Krismasi ya Watoto Watano

Serah,

Chai iko kwenye chupa. Mama ametoka zamu hospitalini, amelala, usimwamshe. Funga geti. Mtu mwenye bunduki akija kuuliza, ~~sema watoto wa jirani hawapo~~ sema watoto wote humu ni wetu.

Najua umenuna kwa kuwa Nyaruach, mtoto wa jirani, alivaa rinda lako jipya kwenye picha. Hata mimi asubuhi nilinung'unika: "Mama Serah, hii ni picha ya familia, ya kumpelekea nyanya nyumbani Kakamega." Mama akawasimamisha Nyaruach na mdogo wake mbele yenu watatu, akanijibu, "Baba Serah, mama yao hajaonekana tangu risasi zianze mjini humu. Akiiona picha hii, atajua wako hai, wanakula, wanavaa." Miaka kumi na sita nimeishi na mwanamke huyu, na bado moyo wake unanishangaza.

Mpiga picha ameshaichapisha. Naipeleka kambini kwa waliokimbia vita, nimwonyeshe kila mama nitakayemkuta. Nikichelewa, kuleni.

Nyanya atangoja. Tutampigia picha nyingine, mama yao akiwemo.

Baba