Mwizi wa Sinema na Mwizi wa Maji

Ndugu Mshauri, mimi ni mama kijana wa huku Gonja, milima ya Upare, shule niliishia darasa la pili kwa hiyo usinicheke mwandiko, nakuomba unishike mkono maana siku zimekaribia.

Mume wangu Eliufoo yuko kifungoni Same kwa kosa la maji, alifungua ndiva, ndilo bwawa letu la kumwagilia, siku ya zamu ya wengine kwa kuwa mahindi yetu yalikuwa yanakauka na mimi nanyonyesha, akashindwa kuliziba, maji yote yakateremka bure na maharage ya nyumba nane yakafa. Anatoka mwisho wa mwezi.

Sasa gari la sinema lilikuja, wakatandaza shuka jeupe uwanjani pa shule, ikawa picha ya mwizi aliyevunja duka akakimbizwa na polisi, mwisho akafungiwa mlango wa chuma, basi. Bwana wa kipaza sauti akasema kwa Kiswahili, "Huo ndio mwisho wa mwizi, ataozea humo." Mimi tangu mwanzo nilikuwa nawafasiria kwa Kipare akina bibi wasiojua Kiswahili, na Bibi Priska akaniuliza, "Kasemaje?" Nikamsikia mtoto anapumua mgongoni, ulimi ukakataa, nikasema, "Anasema atamaliza siku zake arudi kwake, mkewe kamwekea makande." Wakapiga vigelegele, hata yule bwana akafurahi akidhani wanaushangilia mlango.

Tangu hapo wananipenda, Bibi Priska ambaye maharage yake hayakubaki hata kikonyo akaniletea mkungu wa ndizi, akasema, "Kama mvunja duka karudi kwake, wetu wa maji atashindwaje?" Lakini Mzee Eliezeri, mlinzi wa ndiva, anajua Kiswahili na alikuwepo, juzi kanisimamisha njiani: "Mke wa Eliufoo, umewalisha wazee uongo. Waambie mwenyewe, ama nitawaambia mimi." Nikisema, nani atampokea mume wangu? Na mwizi, Mshauri, anastahili mwisho mbaya kweli, au mwema?

Ernesta

JIBU

Ernesta, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nimecheka, ya pili nimekasirika. Wazee walikuazima masikio yao ukayatilia unachotaka wewe. Umekosa, mama. Na mumeo amekosa zaidi, maana katika zile nyumba nane nako kuna wanaonyonyesha.

Ila na huyo bwana wa kipaza sauti alisema asichokiona. Mlango ulifungwa, shuka likakunjwa, gari likaondoka. Kesho ya yule mwizi nani aliitazama? Unaniuliza mwisho anaostahili. Kwanza arudishe alichoharibu, ndipo tuzungumze habari ya mwisho. Yule wa picha hakupewa nafasi hiyo. Wa kwako anayo, na wewe unataka kumfichia kwa maneno matamu.

Usimngoje Mzee Eliezeri. Jumapili baada ya ibada waite akina bibi, sema kwa Kipare kile kile ulichokificha, na usilie kabla hujamaliza. Kisha umwombe Mzee aitishe msaragambo, watu wote watoe tope la ndiva pamoja, siku ile ile Eliufoo anayotoka. Asipite nyumbani. Mpelekee jembe bwawani. Makande yamngoje.

Jibu hili tulimtumia Ernesta kwa posta kabla ya kulichapa gazetini, maana siku zilikuwa chache. Naye ameandika tena:

Mshauri, nimesema. Nilipofika pale pa "ataozea humo", Bibi Priska akanishika bega, akasema, "Mwanangu, Kiswahili sina, lakini macho ninayo. Ule mlango niliuona ukifungwa. Vigelegele tulikupigia wewe."

Ijumaa baragumu la msaragambo likalia, Eliufoo akaja na vumbi la Same miguuni, akapokea jembe bila kuketi, akaingia topeni mpaka magotini na hakutoka mpaka wengine wote walipotoka. Baada ya siku mbili bwawa lilipojaa, zamu ya kwanza akapewa Bibi Priska, na Mzee Eliezeri akasogea kwenye tundu kuzibua. Bibi akamzuia. "Afungue Eliufoo," akasema.

Akafungua, mchana, mbele ya nyumba zote nane, na maji yakaenda yanakotakiwa. Akina bibi wakapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka, na safari hii sikufasiri hata neno.