Nyumba ya Mama na Kitabu cha Madam

Mtaa wa Najma, ughaibuni, Ijumaa, Agosti 2014

Hamjambo huko nyumbani: Akinyi binti yangu, Otieno mdogo wako, na mjomba wenu Ouma anayewalea. Nawasalimia hapa daftarini kwanza.

Wivu umenishika leo, sitaficha. Madam Ilona ninayemfanyia kazi alinionyesha kitabu cha kijiji chao, Hungaria. Kanisa, shule, mpaka nyumba ya nyanya yake ya paa la nyasi. Kwenye boriti pamechongwa jina la aliyeijenga. Kijiji kizima kinaitunza!

"Rose, na kwenu mna nyumba za zamani?"

"Ziko, madam, tena nyingi," nikasema, nikakimbilia vyombo.

Ziko wapi? Nyumba ya mama yangu, aliyoikandika kwa mikono yake, tangu afariki haiguswi. Desturi yetu Wajaluo ni iachwe ianguke yenyewe. Upande wa jikoni ulishaanguka na mvua iliyopita. Madam anamjua nyanya yake mpaka boriti, na wanangu je...

Akinyi, kesho nitakuandikia haya kwa simu. Kukarabati hatuwezi, lakini picha hakuna aliyekataza. Piga kabla ya mvua, hata ukuta mmoja wenye alama za vidole vyake. Nijibu upesi, mama.