Nkambo, Ninaweza Kuingia?

Kashikishi, Nchelenge

Yaya Ngoyi,

Jina ya mama yetu imetoka ndani ya muchezo ya Bajaponi, na dunia yote inaisoma! Nimeanza na hiyo juu nikianza na salamu nitapasuka.

Sasa salamu. Muko aje kule Lubumbashi? Mugongo yako, ile dawa ya majani ilikusaidia ao ilikuonjesha tu uchungu ya bure? Shemeji, bado anakohoa asubui? Siye huku tuko bazima, Mungu anatuchunga. Mvua imenyesha mingi, ziwa imepanda mpaka karibu na choo ya jirani. Chisense, ile samaki yetu kidogo-kidogo, imepunguka mu soko, lakini hatulale njaa. Bwana yangu iko tu na mashua zake, anazitengeneza na lami, mikono yake inanuka lami hata siku ya kanisa.

Turudie mu habari. Unajua kama Kyungu wangu alisoma Kijaponi. Ilianza na ule muuguzi Mujaponi mwenye alifanyaka kazi ku kituo ya afya ya Kafutuma. Kyungu akiwa mutoto alimufuata kila pahali, akakamata maneno yake moja-moja kama kuku anaokota mahindi. Kisha akaenda kusoma kwao kabisa, akarudia na diplome. Sasa kazi yake ni hii. Bajaponi banatengenezaka michezo ya video, ile bantu banacheza mu televizyo. Maneno yote iko mu Kijaponi. Kyungu anaigeuza mu Kingereza, mais si kugeuza tu. Anaigeuza namna muzungu mwenye hajafika Japani aisikie kama yake. Mutu wa mu muchezo akitoa masihara ya Kijaponi, Kyungu anatafuta ingine yenye itachekesha bazungu. Bakikula kitu bazungu habajue, anapima: tuache jina yake, tueleze, ao tubadilishe? Kampuni yake iko Uingereza, yeye iko mu chumba ya nyuma, hapa kwangu, na sahani ya internet juu ya malata ya paa. Hakuna mutoto mungine pembeni ya hii ziwa, kuanza Mununga mpaka huku, mwenye anafanyaka ile kazi. Nimeuliza.

Mais bantu habasikie. Bana Chola, ule mama mwenye anauzaka samaki pembeni ya meza yangu, alinisumbua kila siku.

"Mama Kyungu, mutoto mukubwa vile anashinda anacheza?"

"Hachezi. Anaandikia benye kucheza."

"Ah! Beye banacheza, yeye analipwa? Basi umwambie na miye nicheze. Nimechoka na samaki."

"Weye ukicheza, bazungu batalala usingizi."

Soko yote ilicheka. Miye nilicheka pia, mais moyo ilikuwa juu, na nitakuambia juu ya nini. Kyungu alikuwa bado mu kujaribiwa. Balimupa muchezo moja tu. Bakipenda kazi yake, banamupa kontra, karatasi ya kazi ya kudumu. Na baba yake alikuwa tayari amesema na mukubwa wa masomo moja kule Chienge, kama kuko nafasi ya mwalimu wa Kingereza. Balipatana, baba na mutoto: kazi ya michezo ikianguka, Kyungu anafunga mizigo, anaenda Chienge kufundisha. Miye sikukubali, mais nani aliniuliza? Na miye, Yaya, unanijua, nilikuwa nimeisha kuambia soko yote na kwaya yote kama ile kontra iko mu mukono.

Sasa sikia vile ilikaribia kuvunjika. Kumbe habatumake muchezo yenyewe na picha zake. Banatuma maneno tu, mustari kwa mustari. Ni kama mutu akuletee maneno ya kilio, hakuambie nani amekufa. Mustari moja ilisema: musichana anapiga makofi mara mbili, kisha anasema, "Nkambo, nimefika." Kyungu akawaza. Nani anapigia nkambo yake, muzazi wa muzazi wake, makofi? Hapa kwetu hata mbuzi anajua. Unafika ku lupango, kiwanja ya nyumba ya mukubwa, unachuchumaa, unapiga makofi, unangoja bakuitike. Basi akaandika mu Kingereza: "Nkambo, ninaweza kuingia?" Mistari yenye ilifuata, nkambo hajibu hata moja. Kyungu akasema ah, huyu ni muzee, masikio imekufa. Akafanya musichana aseme kwa nguvu. "NKAMBO! LEO KUNA BARIDI! NIMEKULETEA MACHUNGWA!"

Benye kupima muchezo bakaweka maneno yake pamoja na picha. Yaya, nkambo alikuwa amekufa. Musichana amesimama mbele ya kijumba kidogo ya kuombea bafu, bantu benye balikufa, picha ya nkambo iko ndani, na yeye anamupigia kelele kama anauzisha samaki ku bandari. Kyungu ananiambia hata kule Japani, mu nyumba mingi, bantu habapigie bafu makofi, banakutanisha mikono tu, kimya. Ni jamaa zingine njo zinapiga. Basi Kyungu hakuwaza kama nkambo ni mufu.

Shefu wake, mama moja muzungu, akamuita mu kompyuta. Miye niliingia na chai, nikaona uso yake mu kioo, nyekundu kama nyanya. Kyungu alinielezea maneno yao kisha.

"Musichana anapigia mufu kelele?"

"Sikuona picha, Madame."

"Ungeuliza. Kuuliza njo kazi."

Ile neno ilimuuma kuliko matusi. Akatoa vile vitu vya masikio, akakaa, hakukunywa chai. Baba yake alisikia yote ku mulango, wakati Kyungu ananielezea. Akaenda inje, akaanza kupompa pineu ya kinga, baiskeli yake. Nilisikia ile pompi, fuu, fuu, nikajua anawaza barabara ya Chienge.

Kesho yake mu soko, Bana Chola: "Kazi ya mutoto iko aje?"

"Iko," nikasema. Nikageuza samaki zangu, hata zenye zilikuwa zimekauka.

Ile siku nilirudia mapema. Kyungu alikuwa anasahihisha kelele yote, anaiteremusha. Nikamuuliza, "Na ile ya kuomba kuingia, unaitoa pia?" Akasema ndiyo, ni foti, alikosea. Nikamukumbusha kilio ya mama. Unakumbuka, Yaya? Weye njo ulimubeba ku makaburi. Alikuwa kidogo. Akashuka mu mikono yako, akachuchumaa pembeni ya ule udongo mupya, akapiga makofi, "Odi, nkambo!" Kisha akangoja. Alingoja kabisa, kichwa pembeni, namna ya mutu mwenye anasikiliza mulango. Weye ulianza kucheka, kisha hukuweza tena kucheka. Na ni jina ya mama njo tulimupa, si ni vile?

Kyungu akaacha kusahihisha. Kisha akaandikia shefu ile habari yote, akauliza. Sasa anajua kuuliza! Aliomba bamuulize muzee Mujaponi mwenye aliandika muchezo: tuache hii mustari moja, ao tuitoe?

Jibu ilikawia. Baba yake alimaliza pineu zote mbili, akatia mafuta ku munyororo. Halafu ikafika. Ule muzee alisema nkambo wa mu muchezo ni nkambo wake mwenyewe, na yeye akiwa mutoto hakuingiaka kwake bila kuita. Akasema: iache.

Basi imebakia. Musichana anapiga makofi mara mbili, anasema pole-pole, "Nkambo, ninaweza kuingia?" Hakuna mwenye kuitika. Anangoja kidogo. Kisha anasema, "Leo kuna baridi," anaweka machungwa chini. Bazungu bamoja baliandikia kampuni kama balilia pale. Miye naambia soko yote kama Kyungu alifanya vile kwa akili.

"Mama, usiseme vile. Ilikuwa foti."

"Foti ya mutu mwenye akili," nikamujibu.

Na kontra ikakuya, Yaya. Baba yake aliisoma mara mbili, kisha akapanda kinga akaenda Chienge, kuambia ule mukubwa wa masomo atafute mwalimu mungine. Na pale muchezo inaisha, majina ya bote benye balifanya kazi yanapita mu kioo. Baliuliza Kyungu aandikwe namna gani. Akasema Kyungu kwanza, ya baba yake inafuata nyuma. Jina ya mama yetu, mwenye hakupandaka hata gari-moshi, inapita inapanda juu mbele ya bazungu. Bana Chola ameniuliza kama na mutoto wake anaweza kujifunza. Nikamwambia tutaona.

Musalimie kaka yetu mukubwa mwenye anachunga nyumba ya mama, mumwambie alete ile picha ya harusi ya mama. Musalimie bibi yake, na mama mudogo mwenye alimuogesha Kyungu maji ya kwanza, na mukatekista mwenye alimubatiza. Mukuye bote hapa kwangu; ba shemeji batakuya na koti ya mvua. Mupite Kasenga, mupande boti Kilwa. Bwana yangu atabangoja ku bandari na mashua yenye haivuje. Kanisa inatukopesha televizyo ya salle ya mikutano, tutacheza mpaka mwisho, mpaka jina. Samaki niko nazo. Mukifika, mupige makofi inje ya lupango, vile tulizoea. Miye nitaitika.

Ni miye mudogo wako, mwenye furaha mpaka aibu,
Mama Kyungu

Ona, nilitaka kufunga bila kuandika siku ya kukuya! Ni Jumamosi ya kwanza kisha Paska. Mukuye bote.