Kibonge Anageuka Nikimwita

Mshauri,

Pokea salamu za bibi aliyeishia darasa la pili, kosa la herufi ulione ulipite, sikukuandikia nifundishwe kuandika, nakuandikia kwa sababu mke wa mwanangu siku hizi ananipa shikamoo tu kisha anashika kazi zake, basi. Chanzo ni mjukuu wangu, Kibonge, ametimiza miaka miwili na hajasema neno, wenzake wanatukana watu wazima na yeye kimya, mimi nasema ni mpole, kamrithi babu yake. Tulimpeleka zahanati kupimwa uzito, nesi akaanza maswali, mtoto anaonyesha kwa kidole akitaka kitu, anaiga sauti, anageuka akiitwa? Mama yake akawa anafikiri badala ya kujibu, nikamjibia, maana mtoto nashinda naye mimi, yeye yuko shambani. Nesi akataka tumwite aone. Nikamwita ninavyomwita siku zote, nikapiga mguu sakafuni, puu, we Kibonge, akageuka na kucheka. Nikamwambia nesi atupe kadi yetu twende.

Sasa mkwe anataka kumrudisha akapimwe upya. Nikamwambia anamtafutia mwanangu aibu. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mama, mimi namwita kwa jina tu." Hilo nalo ni jibu?

Jioni nikiosha vyombo namsikia mtoto wa jirani ng'ambo ya ukuta, Bibi, Bibi, mpaka anaudhi, na mimi nageuka, mkono una povu, nageuka. Nitamtulizaje huyu mkwe?

Bibi yake Kibonge

*

Bibi yake Kibonge, shikamoo.

Mkwe wako amekujibu vizuri sana, wewe ndiye hukumsikia. Yeye akimwita kwa jina tu, mtoto hageuki. Wewe unapiga mguu, sakafu inatikisika, mtoto anaipata kwenye nyayo. Nesi uliyemharakisha angeligundua hilo, kama usingemjibia mama wa mtoto. Maswali yale anaulizwa kila mzazi, ili mtoto aliyechelewa asaidiwe angali mdogo. Aibu iko wapi hapo? Mpole naye huitika, mama.

Kumlea umemlea, hakuna wa kukunyang'anya hilo. Na ile Bibi, Bibi ya ng'ambo ya ukuta najua inavyouma. Lakini hapa hakuna mtu wa kutulizwa. Mwambie mkwe wako leo, kabla hajaenda shambani, "Twende wote." Mkifika, ajibu yeye. Wewe kaa kwenye benchi, miguu itulie na ulimi utulie, na habari ya kupiga mguu umweleze nesi kwa kinywa chako, usimwachie mkwe akusemee. Mkiambiwa mwende hospitali kubwa akapimwe masikio, nendeni, msingoje akue.

Kama atakuita Bibi, sijui, na sitakudanganya. Huenda akisaidiwa atakuita kwa mdomo. Huenda atakuita kwa mkono. Akikuita kwa mkono, mama, itika.