Amina ile sikuitikia

Shoga yangu Odessa, nimetoka kanisani na hasira zangu!

Leo walikuwa wanamwombea binti yangu Verlene. Chuo cha uuguzi kule Cleveland kimempokea ingawa shahada aliyo nayo ni ya historia, kesho anaondoka. Basi Shemasi Thurman akamwekea mkono kichwani: "Bwana, mpe mume daktari huko, asihangaike na masomo."

Mume daktari! Mbele ya madhabahu! Na kanisa zima likaitikia Amina!

Verlene akaninong'oneza, "Mama, labda nisiende."

Nikasimama. "Shemasi, toa mkono wako." Nikaweka wangu. "Bwana, ombi lile usilisikie! Mpe binti yangu akili ya kufaulu, na siku Thurman akilazwa hospitalini, yeye ndiye amchome sindano."

Amina ya Verlene ilisikika mpaka barabarani.